Nimehamia Dar na jasho limezidi: je, mwili wangu una hitilafu?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi wa kupaua, nina miaka 29. Nimezaliwa na kukulia Makete, nikafanya kazi Dodoma mwaka jana kuanzia Septemba, na tangu mwisho wa Novemba nipo Dar es Salaam. Shida yangu ni jasho. Nilipofika lilikuwa la kawaida, ila sasa hivi, Januari, ikifika saa nne asubuhi shati linakamulika. Dodoma jua lilikuwa kali vilevile lakini shati lilikuwa linashinda kavu. Halafu mwanzoni shati likikauka lilibaki na mistari myeupe ya chumvi. Sasa hivi siioni, naogopa chumvi imeniishia mwilini. Mwenzangu mmoja ananishauri nipunguze kunywa maji ili jasho lipungue. Mama anasema niliache litoke kwa sababu ni uchafu. Wiki iliyopita nilishikwa na kizunguzungu nikiwa juu ya kenchi, na msuli wa mguu ukakaza, ikabidi nishuke. Je, huu ni ugonjwa? Na kuna sindano au dawa ya kupaka inayozuia jasho mwili mzima?"

Marahaba, fundi. Nianze na lile linaloweza kukudhuru leo hii: usipunguze maji. Mwenzako ana nia njema, lakini anakupeleka pabaya. Mwili ukikosa maji hauachi kupata joto, unaacha tu kujipoza.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Unaona mambo mawili yanayokufanya udhani mwili umeharibika: jasho limeongezeka baada ya miezi miwili badala ya kupungua, na chumvi imetoweka shatini. Kwangu mimi hayo mawili ni habari njema, na nitakueleza kwa nini. Kilichonishtua kwenye barua yako ni kizunguzungu, na mahali kilipokushika.

Ndani ya mwili, joto letu hukaa karibu na nyuzi 37. Ngozi yenyewe ni ya baridi zaidi, mara nyingi nyuzi 33 hadi 35, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoruhusu joto litoke ndani kwenda nje. Anayesimamia kazi hiyo ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hupokea taarifa za joto la damu na za ngozi, kisha huiamuru ngozi ifanye kitu. Ulipokuwa mtoto Makete, asubuhi za Juni na Julai, amri ilikuwa ya kubana: mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ilijifunga ili damu ya moto ibaki ndani, vidole vikawa vya baridi, vinyweleo vikasimama, na baridi ilipozidi ukatetemeka, maana misuli inayotetemeka huzalisha joto. Hapa Dar amri imegeuka. Mishipa ileile sasa inafunguka.

Na inafunguka sana. Mtu akiwa ametulia mahali pasipo joto, damu inayopita kwenye ngozi yake haifiki hata nusu lita kwa dakika. Joto likizidi, kiasi hicho kinaweza kupanda hadi lita 6 au hata 8 kwa dakika. Damu hiyo haitoki hewani, fundi. Inachotwa kwenye akiba ileile inayohitajiwa na ubongo, figo na misuli ya miguu unayopandia ngazi. Moyo unalazimika kwenda mbio ili wote wapate. Ukiwa umepungukiwa maji, akiba imeshuka na mahitaji yamepanda, kisha ukasimama ghafla baada ya kuchuchumaa unapiga misumari, ubongo hukosa damu ya kutosha kwa sekunde chache. Hicho ndicho kizunguzungu, na nadhani ndicho kilichokupata.

Kufunguka kwa mishipa kunasaidia pale tu hewa inapokuwa ya baridi kuliko ngozi. Wewe unafanya kazi kwenye mabati yaliyopigwa na jua, yanayokurudishia joto usoni na tumboni. Kazi yenyewe pia ni moto. Misuli hutumia takriban robo tu ya nishati yake kufanya kazi inayoonekana. Robo tatu hugeuka joto. Kupandisha mbao na kuvuta bati kunaweza kuzalisha kilokalori 300 za joto kwa saa au zaidi. Mwili wa kilo 70 unahitaji kilokalori 58 hivi tu ili upande kwa nyuzi moja. Piga hesabu: kama joto hilo lisingepata pa kutokea, ungepanda nyuzi moja ndani ya robo saa, na ndani ya saa moja ungekuwa kwenye hatari ya kufa.

Jasho ndilo linalokuokoa. Una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, zimetapakaa karibu mwili mzima, kwa wingi zaidi kwenye viganja na nyayo. Zinatoa maji yenye chumvi kidogo, na maji hayo yanapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote mwilini huondoa takriban kilokalori 580. Kwa hiyo nusu lita inayokauka ndani ya saa inatosha kufuta karibu joto lote la kazi yako ya saa hiyo.

Nimesema inayokauka, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la Dodoma. Jasho linalodondoka kutoka kidevuni halijapoza chochote. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu unyevu unaopenya nje unaondoka na upepo. Uweke chumba kisicho na upepo, chenye hewa nzito, utabaki umelowa na maji ndani yatakuwa vuguvugu. Dodoma kabla ya mvua hewa ni kavu, inalinyonya jasho pale linapotokea. Ulikuwa unatoka jasho jingi tu, pengine karibu sawa na sasa, ila hukuliona. Dar mwezi wa Januari hewa imeshajaa mvuke wa bahari. Jasho linatoka, halipati pa kwenda, linatiririka. Ubongo unaona joto halijashuka, unaamuru litoke jingine zaidi. Ndiyo maana shati linakamulika.

Jambo hili lilionwa zamani. Mwaka 1775, jijini London, daktari aitwaye Charles Blagden alieleza majaribio aliyofanya pamoja na wenzake ya kuingia kwenye chumba kilichopashwa moto. Kwenye hewa kavu aliweza kustahimili dakika kadhaa katika joto la nyuzi 127 hivi, na nyama waliyoiweka humo ikaiva. Yeye akatoka mzima. Palipokuwa na mvuke, hawakuweza kustahimili joto lolote linalokaribia hilo. Mwili ni uleule; kilichobadilika ni hewa inayopokea jasho.

Haya, sasa kwa nini limeongezeka badala ya kupungua? Kwa sababu umezoea. Watu wengi hudhani kuzoea joto ni kutotoka jasho, na ni kinyume chake kabisa. Mtu anapofanya kazi kwenye joto kila siku, mwili hubadilika ndani ya siku 7 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile, jasho huanza kutoka mapema kabla joto halijapanda, na hutoka jingi zaidi. Na linapopita kwenye mrija wa tezi kuelekea nje, mwili hujifunza kurudisha chumvi ndani kabla halijafika kwenye ngozi. Kazi hiyo husukumwa na homoni iitwayo aldosteroni. Mistari myeupe uliyoiona Novemba ilikuwa chumvi iliyokuwa inapotea. Sasa sehemu kubwa yake inabaki kwako. Chumvi haijakuishia, unaibana vizuri kuliko ulipofika.

Ulichokipata hapo ni mali, lakini si ya kudumu. Ukienda Makete likizo ya wiki tatu au nne, utakuwa umepoteza sehemu kubwa ya mazoea hayo. Ukirudi, usipande juu ya paa siku nzima kama vile hujaondoka. Sehemu kubwa ya vifo vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo, kwa wageni na kwa waliorudi. Kanuni inayotumika kwa mfanyakazi mgeni ni kufanya takriban sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza kwenye joto, na kuongeza sehemu moja ya tano kila siku. Najua msimamizi wa saiti anaweza kukunja uso. Mwambie tu uanzie chini, kwenye kukata na kupima, wiki ya kwanza.

Mama yako nitamjibu kwa heshima. Ushauri wake wa kuliacha jasho litoke ni sahihi kabisa. Sababu ndiyo siyo. Karibu jasho lote ni maji, kuna chumvi, na mabaki mengine kidogo sana. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na figo zinahitaji maji. Mashambani Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, tena vijana, wameugua figo bila kuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Watafiti wengi wanaamini kwamba kazi nzito kwenye joto kali na kukosa maji siku hadi siku ni sehemu kubwa ya sababu. Nakwambia hili si kukutisha. Kupunguza maji ili shati likauke kuna gharama ambayo huioni leo.

Kuhusu sindano na dawa za kupaka: zipo. Za kupaka zenye aluminiamu huziba matundu ya jasho kwa muda, na kuzipaka kwapani hakuna neno, kwa sababu kwapa ni eneo dogo. Sindano za botulinamu nazo hutumika kwa watu ambao jasho la kwapani au viganjani linawazuia kuishi kawaida. Kuna na vidonge vinavyopunguza jasho mwili mzima, na hivyo ndivyo nisivyotaka uguse ukiwa na kazi ya juani. Wapo watoto wanaozaliwa na tezi za jasho chache mno au bila tezi kabisa. Wazazi wao hushinda wakiwalowanisha nguo kwa maji, maana kucheza juani kidogo tu kunaweza kuwapandisha joto la hatari. Ukifunga jasho mwili mzima unajitia kwenye hali hiyo kwa hiari. Angalia pia dawa za duka: zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, nyingine hukausha jasho vilevile, na dawa za kukojoza hupunguza maji. Ukiwa unatumia yoyote, mwambie daktari kazi unayofanya.

Tuje kwenye maji yenyewe. Usisubiri kiu, kwa sababu kiu huchelewa. Ukiwa juani kunywa kikombe cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo ni bora kuliko kushuka mchana na kunywa lita mbili kwa pupa, kwa kuwa tumbo lina kiwango chake cha kupokea. Usivuke lita moja na nusu kwa saa. Maji matupu mengi mno bila chumvi huzimua damu, na hilo nalo linaweza kuua. Kama unataka kujua unapoteza kiasi gani hasa, jipime uzito asubuhi kabla ya kazi na tena jioni, ukiwa umejikausha: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ambayo hukuirudisha. Watu wachache hujisumbua kufanya hivi, na ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Rangi ya mkojo pia husema. Ukiwa wa njano iliyokolea na kidogo, umechelewa.

Msuli kukaza baada ya saa nyingi za jasho mara nyingi huambatana na upungufu wa chumvi na maji pamoja na uchovu. Kama huna shinikizo la damu, chakula cha kawaida chenye chumvi mchana hutosha siku nyingi. Siku ambayo jasho limekuwa jingi kupita kiasi, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja kamili ya maji ni nzuri. Usiipunguzie maji ili iwe kali. Dafu ni zuri na nalipenda, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, kidogo, na jasho linachukua zaidi sodiamu, kwa hiyo dafu peke yake halirudishi kila kitu. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache. Pombe ya usiku kabla ya siku ya paa ndiyo mbaya zaidi, kwani asubuhi unaanza kazi ukiwa tayari na deni la maji.

Kisha saidia jasho likauke. Vaa shati jepesi, pana, la mikono mirefu, la rangi ya kung'aa, upepo upite kati yake na ngozi. Kuvua shati kunaonekana ni nafuu, lakini jua la moja kwa moja na joto la bati vinakuingia, na ngozi iliyoungua haitoi jasho vizuri. Usivae koti la nailoni wala la mpira kwa sababu yoyote. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo nchini Marekani walikufa ndani ya wiki chache walipokuwa wakijipunguza uzito kwa mazoezi makali kwenye joto, wakiwa wamevaa nguo zisizopitisha hewa. Jasho lilitoka, halikupata pa kukaukia.

Kama mnaweza kuanza saa 12 asubuhi na kuacha kupiga bati kati ya saa sita na saa tisa, fanyeni hivyo hata kama itabidi mmalizie jioni. Upepo wa kaskazi ukivuma, kaa upande unaopigwa nao wakati wa kupumzika. Kivuli kisicho na upepo kinasaidia nusu tu. Ukishuka, tumbukiza mikono hadi viwiko kwenye ndoo ya maji ya baridi kwa dakika 10, kwa kuwa mikono ina damu nyingi karibu na ngozi. Usiku, feni au pangaboi juu ya ngozi yenye unyevu kidogo hufanya kazi nzuri katika joto la Dar. Ushauri wa kutotumia feni ni wa mahali ambapo hewa imefika nyuzi 40, ambapo feni humpulizia mtu joto. Kujifuta jasho mara kwa mara hakuna madhara, ila linalotiririka ndilo la kufuta. Ule unyevu mwembamba uache ukauke wenyewe.

Sasa sikiliza hili kwa makini, na uwasomee wenzako saiti. Mtu akichoka, akapata kichefuchefu, kichwa kikamuuma, akatoka jasho jingi na kizunguzungu, lakini akili yake ni timamu, mshusheni, mpelekeni kivulini, mlegezeeni nguo, apewe maji na kupumzishwa, na asirudi juu siku hiyo. Lakini akianza kusema yasiyoeleweka, akapepesuka, akawa mkali bila sababu, akadegedeka au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na joto lake la ndani huenda limepita nyuzi 40. Wengi hufundishwa kwamba mgonjwa huyo lazima awe na ngozi kavu. Si kweli kwa mtu aliyekuwa kazini: anaweza kuwa amelowa jasho chapachapa. Mpozeni hapohapo huku gari linatafutwa, msisubiri hospitali. Kama kuna pipa au simtanki lililokatwa lenye maji, mtumbukizeni mwili, kichwa kikishikwa juu. Kama halipo, mvueni nguo, mmwagieni maji mfululizo na mmpepee kwa nguvu. Msimpe kitu mdomoni kama hajitambui. Panadol haisaidii hapa, kwa sababu hutuliza homa ya ugonjwa, ambapo ubongo wenyewe umepandisha kiwango cha joto unachokilenga. Kwenye kiharusi cha joto kiwango hicho cha ubongo hakijapanda, ngozi imeshindwa kazi ya kutoa joto. Na atakayesema maji ya baridi yatampa nimonia, msimsikilize. Nimonia huletwa na vimelea, na huyo mgonjwa hana muda wa mjadala.

Mwisho, wewe mwenyewe. Sidhani una ugonjwa, lakini kwa kuwa kizunguzungu kilikushika juu ya kenchi, nenda kituo cha afya wiki hii ukapimwe shinikizo la damu, sukari, wingi wa damu na malaria. Malaria naitaja kwa sababu baridi, homa na jasho vikija kwa zamu si mambo ya hali ya hewa. Daktari akuulize pia, na kama hakuulizi mwambie, iwapo jasho linakulowesha shuka usiku hata feni ikiwa inawaka, iwapo una kikohozi cha wiki mbili au unapungua uzito, kwani hapo lazima upimwe kifua kikuu. Na iwapo mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa na huvumilii joto hata kivulini, maana tezi ya shingoni inaweza kuwa inafanya kazi kupita kiasi. Jasho la baridi pamoja na maumivu ya kifua, au mkojo wa kahawia iliyokolea baada ya kazi nzito, havisubiri miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo. Na hadi utakapopata majibu, fanya kazi za chini. Kenchi aende mwenzako.